Sile-maua: Aliye Juu ya Mayai Ni Dume, na Tafadhali Usiyachukue Mayai Hayo

"Mwalimu, salamu. Ninatunza gati dogo la boti kwenye ufuo wa Ziwa Naivasha, na mbele ya gati kuna maji matulivu yenye majani yanayoelea. Hapo wanaishi sile-maua, wale ndege wa kahawia iliyoiva wenye vidole virefu na paji la buluu, na nimekuwa nikiwatazama kwa miezi kadhaa. Mama anaatamia mayai manne juu ya majani machache yaliyolowa, wala kiota chenyewe sikioni. Baba, ambaye ni mkubwa zaidi, hamsaidii kabisa. Kazi yake ni kupigana na kuwatembelea wake zake wengine wawili walio upande wa pili wa gati. Mayai ya kwanza yalipotea maji yalipopanda, na haukupita muda mrefu yakatagwa mengine. Sasa naona mama anayaacha mara kwa mara akaenda kula, na boti zikipita mawimbi huyafikia. Wiki iliyopita nilimwona jirani yake mwenye vifaranga akiwa na miguu mingi inayoning'inia tumboni, nikadhani ana ugonjwa. Juzi mkubwa mmoja nisiyemfahamu alikuwa akiwakimbiza vifaranga hao na kuwadonoa. Rafiki yangu mfugaji wa kuku ana mashine ya kuangulia vifaranga. Je, niyachukue mayai haya kabla hayajapotea tena? Au nimtengenezee mama jukwaa la kuelea? Na yule baba mkali, nimfukuze?"

Ndugu msomaji, nimefurahi kusoma barua yako, kwa sababu karibu kila ulichokiona umekiona sawasawa, hata kama majina uliyowapa ndege wako yanahitaji kubadilishwa. Unaogopa kwamba mayai yametelekezwa, kwamba kiota hakifai, kwamba baba ni mkatili, na kwamba usipoingilia kati utakuwa umewatazama tu wakiangamia. Nikujibu kwanza lile linalokukera zaidi: usiyachukue mayai, usimfukuze yule mkubwa, na jukwaa usilijenge. Yaliyo mikononi mwako ni mwendo wa boti na usalama wa majani yaliyo mbele ya gati lako, na hayo mawili yana thamani kubwa kuliko mashine ya rafiki yako.

Sasa turudi kwenye majina. Huyo unayemwita mama, anayeatamia mayai, ni dume. Huyo unayemwita baba, mkubwa, mgomvi, anayezunguka kutoka kiota hadi kiota, ni jike, naye ndiye aliyeyataga mayai yote ya viota vitatu unavyovitazama, au angalau mengi yake. Kosa hilo ni rahisi mno kulifanya, kwa kuwa rangi za dume na jike ni zilezile: mwili wa kahawia iliyokolea, shingo nyeupe kwa mbele na nyeusi kwa nyuma, ukanda wa manjano juu ya kifua, na mdomo pamoja na kigao cha paji vya buluu. Kinachowatofautisha ni ukubwa, kwani jike aliyekomaa huweza kumzidi dume uzito kwa nusu au zaidi. Ukiwaona wakiwa wawili pamoja tofauti inajitokeza bila shida, lakini ukimwona mmoja peke yake juu ya majani utabahatisha tu.

Hao wawili walio upande wa pili wa gati, basi, si wake wa mtu. Ni madume wawili wengine, kila mmoja akiwa na mayai au vifaranga wake, na wote watatu wanaishi ndani ya himaya ya jike mmoja. Mpango huo wa jike kuwa na madume kadhaa kwa wakati mmoja, au mmoja baada ya mwingine, ni wa nadra sana kwa ndege kwa jumla, lakini katika familia ya sile-maua ndio desturi. Familia hiyo ina spishi 8 duniani, na zote zinazofahamika vizuri hufuata mpango huo isipokuwa sile-maua mdogo, ambaye pia anapatikana Afrika. Kwake yeye dume na jike hulingana kwa ukubwa, huishi wawili wawili, na hupokezana kuatamia. Nimemtaja kwa sababu jambo lake linatufundisha kitu: pale jike asipokuwa na madume wengi wa kuwalinda na kuwapigania, hana pia ule mwili mkubwa.

Kwa nini ikawa hivyo? Wengi hudhani madume ni wengi kuliko majike na kwa hiyo majike wanawagawana. Sivyo. Ukweli ni kwamba dume akishapewa mayai, hana nafasi kwa muda mrefu. Ataatamia kwa siku 23 hadi 27 hivi, kisha atawaongoza vifaranga kwa wiki kadhaa nyingine mpaka waweze kuruka, na kwa kipindi hicho chote hahitaji mayai mengine wala hana mahali pa kuyaweka. Jike, kwa upande wake, akimaliza kutaga yai la nne anakuwa huru. Hutaga yai moja kwa siku, kwa hiyo kazi yake inamalizika kwa siku chache, na baada ya kula vizuri anaweza kuwa tayari kwa mkupuo mwingine wa mayai. Jumlisha hayo na utaona kwamba hata idadi ya majike na madume ikilingana kabisa ziwani, siku yoyote utakayotazama, madume walio huru kupokea mayai ni wachache na majike walio tayari kutaga ni wengi. Walio wengi hushindana kwa ajili ya walio wachache, na katika mashindano hayo mwenye mwili mkubwa na ukali mwingi ndiye anayeshika eneo. Hapo ndipo ulipotoka ukubwa wa jike wako.

Kuna upande wa pili wa maelezo hayo, nao unahusu moja kwa moja mayai uliyoyalilia. Kiota kinachoelea juu ya majani ni mahali pa hatari kupita kiasi. Maji yanapanda, upepo unasukuma majani, kiboko anapita usiku na kukanyaga, kenge anaogelea hadi hapo, kukuziwa wa zambarau anayala mayai akiyakuta. Mikupuo mingi huangamia kabla ya kuanguliwa, na hilo si jambo la Naivasha peke yake. Warwick Tarboton, aliyewachunguza sile-maua kwenye nyanda zinazofurika za mto Nyl huko Afrika Kusini, alilipa suala la upotevu wa mayai uzito mkubwa katika kueleza kwa nini jike hubaki na dume mmoja au huwa na kadhaa. Ndege anayepoteza mayai mara nyingi namna hii anahitaji njia ya haraka ya kuyarudisha, na njia hiyo ni jike ambaye hakuchoka kwa kuatamia, aliyeshiba, anayelinda eneo zima, na anayeweza kumpa dume mayai mengine manne muda mfupi baada ya yale ya kwanza kwenda na maji. Ndivyo ulivyoona mwenyewe. Mayai ya kwanza yalipotea, na hayakukawia kutagwa mengine. Ulidhani ni bahati, kumbe ndivyo mpango wao wote ulivyosimama.

Kwa hiyo jike hamtelekezi dume. Ukitazama vizuri utaona kwamba, mgeni akiingia karibu na kiota, dume hupiga kelele kali zenye kukwaruza, na mara nyingi jike huja mbio kutoka upande mwingine wa himaya, akiruka chini chini juu ya maji, akatua na kuyainua mabawa yake juu kabla ya kumkabili mgeni. Kuinua mabawa ni onyo. Lisipotosha, hurukiana, hudonoana na kupigana kwa viungo vya mabawa, ambavyo vina kinundu kigumu. Madume nao wana mipaka yao midogo ndani ya himaya ya jike, na hufukuzana wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa yai linalotagwa kwa jirani ni yai ambalo yeye hakulipata. Hivyo unapomwona mkubwa anakimbia huku na huku akipigana, elewa kwamba analinda sakafu ya majani ambayo madume watatu na vizazi vyao wanaitegemea kwa chakula. Ukimfukuza, unafungua mlango kwa yule mgeni uliyemwona juzi, na huyo nitamrudia.

Tuje kwenye kiota. Ulisema hukioni, nami nakuamini, kwa maana kiota cha sile-maua ni rundo jembamba la mashina na majani yaliyolowa, na mara nyingine ni jani moja pana tu lililoongezewa vipande viwili vitatu. Mayai yenyewe ni ya kahawia, yanang'aa kana kwamba yamepakwa vanishi, na yamechorwa mistari myeusi inayopindana ovyo kila upande, kiasi kwamba yakiwa juu ya mashina yaliyooza na vivuli vyake jicho linapita bila kuyashika. Unyevu hauyaharibu kwa urahisi kama unavyoharibu ya kuku. Dume anapoatamia hayalalii kwa tumbo peke yake, bali huyaingiza kati ya mbavu na mabawa, mawili upande huu na mawili upande ule, hivyo mayai hukaa yakiwa yameinuliwa kidogo kutoka kwenye majani yenye maji. Mashine ya kuangulia inatoa joto la kutosha, lakini haijui kufanya hivyo, wala haijui anayoyafanya dume jua la saa sita linapowaka, anaposimama juu ya mayai akiyatilia kivuli badala ya kuyapa joto.

Hili pia linajibu hofu yako kwamba mayai yameachwa. Mzazi ni mmoja tu. Hana wa kumpokea, na lazima ale. Basi huondoka mara nyingi mchana, hasa wakati hewa ina joto la kadiri ambapo mayai hayatapoa upesi, akatafuta wadudu na konokono juu ya majani ya karibu, kisha akarudi. Kuyaona mayai yakiwa wazi kwa dakika kadhaa, hata mara nyingi kwa siku, ni hali ya kawaida kabisa. Kitakachokuonyesha kwamba yameachwa kweli ni mayai kubaki bila ndege mchana kutwa, pamoja na saa za ubaridi za asubuhi na jioni, bila dume yeyote kuonekana karibu. Na hata hapo sababu ya kwanza ya kuichunguza iwe ni wewe na mimi: je, kuna mtu aliyesimama karibu mno kwa muda mrefu?

Juu ya kupanda kwa maji, dume wako si mnyonge kama unavyodhani. Akihisi rundo linazama huongeza mashina, akiyavuta kutoka pembeni kwa mdomo, na ikishindikana hujenga rundo jingine karibu na kuyahamishia mayai huko, akiyasukuma na kuyaburura kwa kidevu na kifua. Anaweza kufanya hivyo ikiwa maji yanapanda polepole na majani bado yapo. Asichoweza kukishinda ni wimbi la ghafla la boti yenye injini, linalopindua jani na kuyamwaga mayai yote kwa mara moja. Na hapo, ndugu yangu, ndipo wewe unapohitajika.

Sasa ile miguu mingi. Hakuna ugonjwa. Ulichokiona ni baba akiwabeba watoto wake. Kifaranga wa sile-maua huanguliwa akiwa na manyoya laini na miguu mikubwa isiyolingana na mwili wake, na muda mfupi baadaye anatembea na kujitafutia chakula mwenyewe, kwani baba hamlishi. Lakini anapoa haraka, na anaonekana na kila mwenye njaa. Mvua ikianza kunyesha au furukombe akipita juu, dume huita kwa sauti ya chini, huchutama na kuyafungua mabawa kidogo. Vifaranga hukimbia na kujisukuma ubavuni mwake, kisha yeye hufunga mabawa juu yao, husimama, na kuondoka nao huku miguu yao na vidole virefu vikining'inia hewani. Mfupa wake mmoja wa sehemu ya mbele ya bawa, ule uitwao radius, umetandazwa ukawa bapa kama kisu, na wanasayansi wengi wanauhusisha na kazi hiyo ya kushikilia mayai na vifaranga. Ukiona miguu tena, ihesabu. Utajua vifaranga waliobaki ni wangapi bila kuwasumbua.

Jambo jingine ambalo watu hulikosea, na ambalo naomba uwaeleze na wenzako wa gatini: kifaranga akiogopa na baba yuko mbali, hujizamisha majini, akabaki na ncha ya mdomo tu juu, kimya, bila kutikisika. Mtu mwema anayemwona hivyo hudhani anazama, anamnyanyua, anamkausha, na kwa kufanya hivyo amemtenga na mzazi aliyekuwa akimngoja hatua chache tu nyuma ya majani. Muache. Rudi nyuma, kaa mahali usipoonekana, na umpe baba muda wa kutosha kuita.

Nirudi kwa yule mkubwa mgeni aliyewadonoa vifaranga. Ni jambo zito kulitazama, nami sitalipamba. Stephen Emlen na wenzake, waliowachunguza sile-maua wa Amerika ya kitropiki huko Panama, waliandika mwaka 1989 kwamba jike mwenye himaya alipoondolewa, majike wengine waliingia upesi kulichukua eneo, wakawashambulia na kuwaua vifaranga waliowakuta, na madume waliobaki bila watoto wakakubali kupandana nao muda mfupi baadaye. Sababu yake ni ileile ya hesabu ya muda niliyokueleza juu: dume mwenye vifaranga hana nafasi kwa wiki nyingi, na jike mgeni aliyeteka eneo leo hana hakika kama atalishikilia kwa wiki nyingi. Uliyemwona anaweza kuwa jike wa namna hiyo akijaribu kuingia. Anaweza pia kuwa dume jirani mkubwa aliyewafukuza vifaranga waliovuka mpaka wake, maana wanavuka bila kujua. Ili kutofautisha, tazama anachofanya baada ya hapo. Jike mvamizi hurudi tena na tena, hufukuzana na jike mwenyeji, na vurugu hudumu kwa siku. Jirani aliyekasirika huishia pale pale mpakani na kurudi kwenye shughuli zake.

Katika hali zote mbili, kumrushia jiwe au kumfukuza kwa boti si msaada. Utawafukuza wote pamoja, dume ataondoka kwenye mayai, na mwenye nguvu ndiye atakayerudi kwanza. Najua ni vigumu kukaa kimya mtoto wa ndege anapodonolewa mbele ya macho yako, lakini usalama wa vifaranga hao unategemea jike mwenyeji kubaki na nguvu, kushiba, na kutosumbuliwa. Chochote kinachompunguzia chakula au kumfanya aruke ovyo kutwa nzima kinamrahisishia mvamizi kazi.

Nikiwa hapo hapo, niongeze onyo ambalo hukuliuliza. Baadhi ya waongozaji wa watalii hucheza sauti za ndege kwenye simu ili waje karibu wapigwe picha. Kwa sile-maua sauti hiyo ni tangazo la vita. Jike ataacha pembe nyingine za himaya yake wazi ili kumtafuta adui asiyekuwepo, na dume atanyanyuka kwenye mayai. Ikiwa gati lako linatumiwa na waongozaji, waombe waache.

Tuyapime sasa mapendekezo yako kwa haki. La mashine ya kuangulia lina kasoro kila upande. Sheria ya Kenya ya uhifadhi na usimamizi wa wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege wa porini pamoja na mayai yao, kwa hiyo kuyachukua bila kibali ni kosa hata nia ikiwa njema. Tuseme yameanguliwa: vifaranga watajilisha, ndiyo, lakini watajilisha nini ndani ya boksi, na nani atawaita chini ya bawa usiku wa baridi wa Naivasha, na nani atawafundisha kwamba kivuli kinachopita juu ni cha kuogopwa? Kifaranga aliyelelewa na binadamu akirudishwa ziwani ataingia katika himaya ya mtu asiyemjua, bila baba wa kumtetea. Na wakati huohuo umemnyima dume mayai ambayo, yangepotea yenyewe, yangerudishwa.

La jukwaa lina mantiki zaidi, na sitalitupa kabisa, kwani kuna ndege wa majini ambao hukubali kutaga juu ya vyelezo vilivyotengenezwa na watu. Lakini kwa sile-maua aliyekwisha kutaga, kusogeza kitu kigeni karibu na mayai kunamfukuza katika saa ambazo hapaswi kuondoka, na chelezo kigumu cha mbao au plastiki ni mahali pazuri pa kupumzikia kenge na pa kusimamia ndege wala mayai. Ikiwa unataka kuwafanyia jambo la kudumu, lifanye kwenye majani.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa Naivasha ina historia yake. Zamani sehemu kubwa za kingo za ziwa hilo zilifunikwa na yungiyungi wa buluu, na hapo ndipo sile-maua walipokuwa nyumbani. Mwaka 1970 waliingizwa kamba wekundu wa maji baridi kutoka Amerika kwa ajili ya biashara, nao walichangia sana kuimaliza mimea ya majini, yungiyungi wakiwemo. Mwaka 1988 gugumaji likaonekana ziwani na kuenea. Leo sile-maua wengi wanatembea, wanakula na kutaga juu ya gugumaji kwa sababu ndiyo sakafu iliyobaki, ingawa ni sakafu inayohama: upepo ukibadilika, kisiwa kizima cha gugu husafiri, na kiota huenda nacho hadi ndani ya himaya ya mwingine, au hadi kwenye njia ya boti. Ziwa hili limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 1995, lakini orodha haizuii panga la mtu anayesafisha mbele ya gati lake.

Simaanishi kwamba gugumaji lisiondolewe. Linaziba njia, linawanyima wavuvi kazi, na linapunguza hewa majini. Ninachokuomba ni mpangilio wa muda na mahali. Ondoa lile lililo kwenye njia ya boti na ambalo halina ndege, na uuache ule mkeka wenye kiota mpaka mayai yaanguliwe na vifaranga waweze kuondoka na baba yao. Kama unaona mashina yoyote ya yungiyungi yanayojaribu kuota, yalinde kwa nguvu zote, na waeleze wanaokata majani wasiyaguse. Usifyeke mafunjo yaliyo nyuma ya majani, kwani hapo ndipo vifaranga hukimbilia upepo unapovuma. Na kumbuka kwamba kubadili ufuo wa ziwa kwa kufyeka, kujaza udongo au kuchimba ni shughuli inayohitaji idhini ya NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira.

Kuhusu boti, waombe manahodha wazime injini au wapunguze mwendo kabisa kabla ya kuufikia mkeka, wauzunguke kwa mbali, na wasimwegeshee mgeni boti karibu na mayai kwa ajili ya picha. Umbali unaofaa utauambiwa na dume mwenyewe. Akiwa ametulia na kupanga mayai chini yake, uko mahali sahihi. Akiinua kichwa na kukaza shingo, umekaribia. Akinyanyuka na kutembea kando akijifanya anakula, umepita mpaka, na mayai yako hatarini kwa sababu yako. Unaweza kuweka vijiti viwili vyenye kitambaa majini, mbali na kiota, kuonyesha mahali boti zisipite. Ni kazi ndogo, na kwa maoni yangu ndiyo itakayofaa kuliko zote ulizofikiria.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza, na kwa hayo unahitaji mtu afike. Ukimwona sile-maua aliyenaswa na wavu au uzi wa ndoana, jambo linalowapata kwa urahisi kwa sababu ya vidole vyao virefu, usiukate uzi kwa haraka na kumwachia akiwa na kipande kilichobaki mguuni, maana kitaendelea kukaza hadi kidole kife. Mfunike kwa kitambaa chepesi, mweke ndani ya boksi lenye giza na matundu ya hewa, usimlishe wala usimnyweshe, na uwapigie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, ambao wana ofisi Naivasha na madaktari wa mifugo wanaoshughulikia wanyama wa porini. Fanya hivyo pia kwa ndege mwenye bawa lililovunjika. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa kwa pamoja, wa aina moja au mchanganyiko, usiwashike kwa mikono mitupu, usiwatupe, na usimruhusu mbwa au mtoto awakaribie. Inaweza kuwa sumu au ugonjwa, na KWS pamoja na afisa wa mifugo wa kaunti wanapaswa kujua siku hiyohiyo. Ikiwa jirani anakata mafunjo au anajaza ufuo, hilo lipeleke NEMA. Na kama ungependa kuwahesabu ndege wako pamoja na watu wanaolifahamu ziwa, wasiliana na Nature Kenya, chama ambacho chimbuko lake ni mwaka 1909 na ambacho wanachama wake hushiriki katika hesabu za ndege wa majini.

Kwa sasa, andika tarehe ambayo uliona yai la nne. Ukihesabu wiki tatu na siku kadhaa kuanzia hapo, utajua ni lini wa kupunguza shughuli zaidi mbele ya gati, kwa kuwa siku ya kuanguliwa na mbili tatu zinazofuata ndizo ambazo vifaranga hawawezi kabisa kustahimili kutawanywa. Mayai yakipotea tena kabla ya hapo, usiache kutazama: angalia kama dume anabaki palepale na kama jike anamtembelea, na uniandikie ulichokiona, pamoja na hali ya maji na upepo wa siku hiyo, ili tuweze kukisia kama yalichukuliwa na wimbi au na mnyama.